Sekunde za Mwisho wa Kipindi: Nani Anailipia Televisheni ya Kifaransa Nje ya Quebec

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili, hapa Saint-Boniface, mtaa huu wa Winnipeg, kuhusu jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa kwa Kifaransa cha ofisini. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu jambo hili linawagusa watoto wetu.

Nawaombeni kitu kidogo kwanza. Mkirudi nyumbani, mkikuta kipindi cha Kifaransa kilichotengenezwa hapa Manitoba, au Ontario, au New Brunswick, msizime televisheni majina yanapoanza kupanda. Subirini. Yakishapita majina ya mpiga picha, mhariri na fundi wa sauti, huja sekunde chache ambazo skrini hujaa nembo: nembo ya kituo, ya mfuko, ya serikali ya jimbo, na ile ya serikali kuu yenye bendera. Wengi huziona kama matangazo. Mimi kazi yangu ni hesabu za vipindi, na sekunde hizo kwangu ni mwaka mzima wa barua, fomu na simu. Kila nembo pale ni mlango uliobishwa ukafunguliwa. Mlango mmoja ukibaki umefungwa, kipindi hakipo; hata wazo lake hamtalisikia.

Tuanze na watu wenyewe. Kanada ina wazungumzaji wa Kifaransa karibu milioni moja wanaoishi nje ya Quebec. Wametawanyika kutoka bahari hadi bahari: Waakadia wa New Brunswick na Nova Scotia, watu wa Ottawa na Sudbury, sisi wa hapa, wenzetu wa Saskatchewan, Alberta na British Columbia. Katika sensa ya 2016 walikuwa asilimia 3.6 ya wakazi wa nje ya Quebec. Ya 2021 ikawakuta asilimia 3.3. Idadi haijaporomoka, ila wengine wanaongezeka haraka zaidi, na watoto wengi wa Kifaransa wanakua, wanaoa, wanaolewa na kulea kwa Kiingereza.

Kwetu Bukavu, huko Kongo nilikozaliwa, Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi. Kilikuja na Mbelgiji, kikaja na kiboko, na mtoto aliyeongea lugha ya mama yake shuleni aliadhibiwa. Kwa hiyo nilipofika hapa na kusikia kwamba Kifaransa ni lugha iliyoonewa, sikuelewa. Ilinibidi nikae na wazee wa hapa, ninywe nao kahawa, wanieleze. Manitoba ilipoanzishwa 1870, sheria iliweka Kifaransa na Kiingereza sawa bungeni na mahakamani. Mwaka 1890 serikali ya jimbo ikakifuta Kifaransa. Mwaka 1916 ikafuta shule za lugha mbili. Kuanzia hapo walimu wakawa wanafundisha Kifaransa kwa siri, na mkaguzi alipokaribia, watoto walificha vitabu chini ya madawati. Mzee anayekusimulia hayo anainamisha mkono chini ya meza ya kahawa, kana kwamba kitabu bado kipo mkononi.

Haki ile ilirudi kwa tiketi ya maegesho. Mwaka 1976 mfanyabiashara mmoja wa mtaa huu, Georges Forest, alipigwa faini ya gari, na karatasi ya faini ilikuwa kwa Kiingereza peke yake. Alikataa. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na mnamo Desemba 1979 mahakama hiyo ikatamka kwamba sheria ya 1890 haikuwa halali. Miaka 89! Nawaeleza haya kwa sababu mtu akikuuliza kwa nini serikali inatoa fedha za umma kwa televisheni ya watu wachache, jibu linaanzia hapo. Lugha hii haikudhoofika yenyewe, ilidhoofishwa kwa sheria, na serikali iliyokubali kosa hilo haiwezi kuliachia soko peke yake kazi ya kutengeneza kilichobomolewa na bunge.

Na wenyewe hawakukaa kusubiri. Redio CKSB, redio ya kwanza ya Kifaransa magharibi mwa Kanada, ilianza kurusha matangazo hapa Saint-Boniface mwezi Mei 1946, na fedha zake zilitokana na michango ya watu. Mkulima alitoa, mjane alitoa, parokia zilipitisha vikapu. Sisi tunaijua michango: ya harusi, ya msiba, ya ada ya shule. Fikirini basi michango ya kununua mtambo wa redio. Baadaye, mwaka 1973, CKSB iliingia mikononi mwa Radio-Canada.

Televisheni ni gharama nyingine kabisa, wala kikapu cha kanisa hakiwezi kuibeba. Radio-Canada ilianza televisheni Montréal mwaka 1952, na kituo cha hapa kikafunguliwa 1960. Wazee wanakumbuka furaha ya siku zile. Lakini picha nyingi zilitoka Montréal: barabara za Montréal, vichekesho vya Montréal, mvua ya Montréal katika utabiri wa hali ya hewa. Lugha ilikuwa yao, ila dirisha lilikuwa la nyumba ya jirani. Lalamiko hilo lina zaidi ya miaka 60 sasa, na halijaisha.

Sasa tuingie jikoni, tuone chungu chenyewe.

Tuseme mnataka kutengeneza makala ya televisheni hapa Saint-Boniface. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme inagharimu dola 100. Matangazo ya biashara hayalipi kitu cha maana, kwa kuwa hakuna kampuni ya sabuni itakayolipa sana kuwafikia watazamaji waliotawanyika kwenye majimbo tisa. Basi mnageukia marejesho ya kodi. Serikali kuu hurejesha asilimia 25 ya fedha za malipo ya wafanyakazi, lakini malipo hayo hayahesabiwi zaidi ya asilimia 60 ya gharama. Kwa hiyo hata mkipanga vizuri vipi, hapo hampati zaidi ya dola 15. Manitoba ni mkarimu zaidi: hurejesha asilimia 45 ya malipo ya wakazi wake, na kwa nyongeza mbalimbali inaweza kufika 65. Ndiyo maana kampuni kama Les Productions Rivard zimeweza kuishi mtaani kwetu. Ila marejesho ya kodi hulipwa kazi ikishaisha na mahesabu yakishakaguliwa, wakati fundi wa sauti anataka kulipwa wiki hii. Mnakopa benki, na riba inaingia kwenye bajeti.

Bado kuna pengo, tena kubwa. Hapo ndipo unapoingia Mfuko wa Vyombo vya Habari wa Kanada, ule ambao watayarishaji huuita FMC. Mfuko huu ulizaliwa 2010 kwa kuunganisha mifuko miwili, na mkubwa kati ya hiyo ulikuwa umeanza 1996. Fedha zake zinatoka sehemu mbili: hazina ya serikali kuu, na kampuni za kebo na setilaiti, ambazo kanuni huzilazimisha kutoa sehemu ya mapato yao kwa ajili ya vipindi vya Kanada. Thuluthi moja ya fedha za mfuko huenda kwa vipindi vya Kifaransa, thuluthi mbili kwa vya Kiingereza. Na ndani ya ile thuluthi kuna fungu lililotengwa kwa watayarishaji wa Kifaransa wa nje ya Quebec.

Neno ninalotaka mlibebe ni hilo: fungu lililotengwa. Nimeona bajeti nyingi, na sijaona fedha za Kifaransa zisizotengwa zikivuka mto wa Ottawa kwa hiari yake. Huko Quebec kuna studio, kuna waigizaji wanaojulikana, kuna watazamaji mamilioni. Mtu anayegawa fedha akiwa na maombi mawili mezani, moja la Montréal na moja la Saint-Boniface, na kipimo chake ni idadi ya watazamaji, hatuhitaji kuuliza atachagua lipi. Si kwamba ana roho mbaya. Kipimo chake ndicho kimeshaamua. Kutenga fungu ni kubadilisha kipimo.

Lakini fungu hilo lina kufuli, na ufunguo hauko kwetu. Ili mfuko ufungue ombi lenu, lazima kwanza kituo cha televisheni kikubali kuwapa leseni ya kurushia, yaani kiahidi kwa maandishi kwamba kitalipa kiasi fulani na kukionyesha kipindi. Bila ahadi hiyo mfuko hausomi ukurasa wa kwanza. Na vituo vya Kifaransa vyenye uwezo wa kutoa ahadi hiyo, ukiacha TFO ya Ontario, makao yao makuu yako Montréal.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na mwenzangu tuliandika pendekezo la makala kuhusu kwaya ya kanisa moja la mjini hapa. Kwaya hiyo inaimba Kifaransa, Kiswahili na Lingala katika ibada moja. Na mwalimu wake mchana ni dereva wa basi la shule. Tulikuwa na bajeti, mpiga picha na ruhusa ya familia. Mhariri wa kituo kimoja akatusikiliza kwenye simu kwa adabu, akasema: hadithi nzuri, ila mwaka huu tayari tuna moja ya wahamiaji. Moja! Mazungumzo yalichukua kama dakika kumi. Fedha za umma zilikuwepo, fungu lilikuwepo, lakini mlango uliopaswa kufunguliwa kwanza ulikuwa na mtu mmoja aliyekaa umbali wa ndege wa saa mbili na zaidi, asiyewahi kuisikia kwaya ile. Mwalimu wa kwaya amehamia Alberta. Makala ile haitatengenezwa.

Kwa hiyo nikisikia waziri anatangaza nyongeza ya mfuko, nafurahi, halafu nauliza: na kalamu ya kuidhinisha iko mkononi mwa nani? Kuna kampuni ambazo ofisi zake ziko nje ya Quebec kwa jina tu, wakati mwandishi, mwongozaji na mhariri wote wako Montréal. Kanuni za mfuko zinajaribu kuzuia hilo, nazo ni haki zikazwe. Ottawa, iliyo Ontario, na Gatineau, iliyo Quebec, zimetenganishwa na daraja tu. Ni rahisi mno kuvuka na kadi ya biashara.

Na kalamu ikiwa mbali, nani angejua, kwa mfano, kwamba vijana wa Moncton wanahitaji shujaa wao? Dano LeBlanc alimbuni Acadieman, katuni ya shujaa anayeongea chiac, ile lahaja ya Kiakadia inayochanganya Kifaransa na Kiingereza katika sentensi moja, kama vijana wa Nairobi wanavyochanganya katika Sheng. Walimu wengi waliiona chiac kama aibu. Katuni ile ilionyeshwa kwanza kwenye televisheni ya jamii ya kampuni ya kebo huko Moncton, na vijana wakajisikia. Kisha kuna Belle-Baie, tamthilia ya Renée Blanchar, iliyopigwa picha pwani ya Caraquet na kuonyeshwa Radio-Canada kuanzia 2008. Sudbury ikapata Météo+ kupitia TFO, kichekesho kuhusu kituo kidogo cha habari za hali ya hewa. Hizi ni kazi za watu waliosimama mahali pao wakaangalia kilicho mbele yao. Kazi za namna hii ndizo ambazo fungu lililotengwa lipo kwa ajili yake.

Fungu la serikali kuu nalo halisimami peke yake. Mwaka 2011 New Brunswick ilifuta marejesho yake ya kodi ya filamu, ikaweka mpango mwingine mahali pake. Mwaka 2012 Saskatchewan ikafuta yake. Jimbo likiondoa nguzo yake, ile dola 100 ya mfano wetu haikamiliki tena, hata kama mfuko haujapunguza chochote. Mpiga picha wa Kiingereza akikosa kazi Regina anaweza kwenda Vancouver na bado akafanya kazi kwa lugha yake. Wa Kifaransa akiondoka, mara nyingi jamii yake inabaki bila mpiga picha hata mmoja anayejua lugha, na anayefuata huchukua miaka kumpata.

Na upande wa kampuni za kebo nako hakuna usalama. Mwanzoni mwa 2007 kampuni mbili kubwa, Shaw na Vidéotron, zilisimamisha malipo yao kwa mfuko kwa sababu hazikuridhika na jinsi unavyoendeshwa. Zilirudi kulipa, lakini watayarishaji wadogo walijifunza siku zile kwamba chakula chao kinatoka kwenye mikono inayoweza kufungwa. Leo tatizo ni kubwa zaidi na halina kelele: watu wanakata kebo. Kila nyumba inayoacha kebo na kuhamia Netflix inapunguza tone katika mfuko. Bajeti ya 2018 ya serikali kuu iliahidi dola milioni 172 kwa miaka mitano ili kuziba pengo hilo. Kuziba pengo ni kazi ya lazima, ila kisima chenyewe kinakauka.

Ndipo ikaja sheria ya utangazaji wa mtandaoni, iliyoidhinishwa Aprili 2023. Mwezi Juni 2024 tume inayosimamia redio na televisheni, CRTC, ikaamuru majukwaa ya mtandaoni yenye mapato ya dola milioni 25 au zaidi kwa mwaka nchini Kanada yatoe asilimia 5 ya mapato hayo. Tume ilikadiria dola milioni 200 kwa mwaka, na sehemu yake ikatajwa kwa ajili ya watayarishaji wa lugha rasmi walio wachache. Majukwaa yakaenda mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikasimamisha malipo wakati rufaa inasubiriwa. Mimi nasema wazi upande wangu: anayevuna katika shamba achangie mfereji wa maji. Kampuni ya kebo inachangia. Jukwaa linaloichukulia wateja lichangie vilevile.

Kuna swali ambalo huulizwa kila mara, na ni swali la haki. Kwa nini Kifaransa? Mbona si Kikri, Kiojibwe, Kidene, lugha zilizokuwa hapa kabla ya Mfaransa na Mwingereza kukanyaga nchi hii? Nakubali kabisa kwamba deni kwa watu hao ni kubwa kuliko hili ninalolizungumzia. Lakini si kweli kwamba kumpa mmoja ni kumnyima mwingine. Televisheni ya Watu wa Asili, APTN, yenye makao yake hapa hapa Winnipeg, ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Septemba 1999 kwa sababu CRTC iliamuru kila kampuni ya kebo iibebe. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyofunguliwa kwa Unis TV: mwaka 2013 jumuiya za wazungumzaji wa Kifaransa zilisimama mbele ya tume kuiunga mkono, tume ikakubali, na tarehe 1 Septemba 2014 Unis TV ikaingia hewani na wajibu wa kuonyesha maisha ya wazungumzaji wa Kifaransa nje ya Quebec. Inasimamiwa na TV5 ya Montréal, nimeshasema ninavyoona kuhusu hilo. Hata hivyo, ndani yake nimeona mashamba ya Manitoba, wavuvi wa Nova Scotia, na sauti ambazo hazikuwa na pa kusikika.

Sasa turudi kwetu. Serikali ya Kanada inataka wahamiaji wanaozungumza Kifaransa waongezeke nje ya Quebec. Mwaka 2022 ilifikia lengo lake la zamani la asilimia 4.4. Mwaka 2023 ilitangaza lengo la asilimia 6 kwa 2024, asilimia 7 kwa 2025 na asilimia 8 kwa 2026, na baadaye ikayapandisha malengo ya 2025 na 2026. Hao watatoka wapi? Wengi wanatoka Afrika: Kongo, Burundi, Rwanda, Kamerun, Senegal, Ivory Coast. Tunaitwa ili tuiokoe idadi ya jamii hii, na watoto wetu wanajaza madarasa ya shule zake. Basi ni haki pia tuonekane katika televisheni inayolipwa kwa jina la jamii hiyo, na si kwa nafasi ya "moja ya wahamiaji" kwa mwaka.

Jirani yangu ana binti wa miaka tisa. Siku moja nikiwa kwao, kipindi cha Unis TV kikaonyesha barabara ya Provencher, lile daraja la waenda kwa miguu, na kile kilichobaki cha kanisa kuu lililoungua 1968. Mtoto akaacha daftari lake, akasogea karibu na skrini, akagusa kioo kwa kidole mahali ambapo basi lake la shule husimama. Akasema kwa Kifaransa: ni hapa kwetu. Mama yake akarudia kwa Kiswahili kwa bibi aliyekuwa kwenye simu huko Uvira: ni hapa kwetu. Nilitamani wakati ule niwe na kamera.

Ndugu zangu, leseni za vituo hivi hazidumu milele. Huisha muda, kisha huletwa tena mbele ya CRTC, na mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka maoni yake. Hakuna ada, hakuna wakili. Ukurasa mmoja kwa Kifaransa, jina lako, mji wako, na unachotaka watoto wako waone. Leseni ya Unis TV itakapojadiliwa tena, msiwaachie wengine waseme kwa niaba yetu. Semeni kwamba maamuzi ya vipindi vya magharibi yafanywe na watu wanaoishi magharibi, na kwamba sisi ni sehemu ya watu hao. Karatasi na kalamu viko pale mezani karibu na mlango. Anayetaka kuanza barua yake usiku huu, nitabaki hapa kumsaidia.